Shikamoo Mzee, Faili Lako Limeonekana

Simu ilianza na shikamoo. Babu alilisisitiza jambo hilo kila mara aliponisimulia, kana kwamba ndiyo hoja yake ya utetezi. "Kijana wa adabu kabisa," alisema. "Ameniamkia, ameniuliza hali, amemuulizia na bibi yako. Halafu ndiyo akasema, mzee, faili lako limeonekana."

Ilikuwa Aprili 2023, Tabora, mvua zikielekea ukingoni. Aliyepiga alijitambulisha kuwa afisa wa kitengo cha mafao. Alisema kuna wazee wa reli wa enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambao malipo yao hayakukamilika, kwamba sasa wanamaliziwa, na kwamba jina la Babu lipo kwenye orodha ya mwisho. Kiasi chake ni shilingi 11,400,000. Ila faili limekaa muda mrefu, lazima lifunguliwe upya, na ada ya kulifungua ni shilingi 120,000. Babu alivaa koti lake, akaenda kwa wakala aliye jirani na msikiti, akatuma. Kesho yake ikaja ada ya mhuri, shilingi 95,000. Siku ya tatu ikaja kodi, shilingi 165,000. Siku ya nne namba ikawa haipatikani.

Jumla shilingi 380,000. Hizo zilikuwa akiba ya miezi mingi ya mzee anayeishi kwa pensheni na shamba dogo la mihogo la Bibi.

Familia ilikuwa na neno moja la kueleza yaliyotokea: tamaa. Baba mdogo alilitamka kwa hasira kwenye simu. Shangazi alilitamka kwa upole, lakini alilitamka. Askari aliyeandika maelezo yetu na kutupa RB alitikisa kichwa akasema, wazee wetu hawa, tamaa mbele, mauti nyuma. Babu alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, anasikia.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu wafanyakazi wa reli wa Tabora baada ya Jumuiya kuvunjika. Kuna jambo kuhusu simu ile ambalo familia haikulijua na mimi nililijua, na nitalifikia. Kwanza nataka kubishana na neno tamaa, kwa sababu neno hilo linamfanya mzee ajione mkosaji, nasi wengine tujione werevu, na kazi ya kuelewa inaishia hapo.

Utapeli wa kuomba ada ndogo ili kufungulia fedha nyingi una historia ndefu. Eugène François Vidocq, mhalifu wa Ufaransa aliyegeuka kuwa mkuu wa upelelezi mjini Paris, aliueleza katika kumbukumbu zake zilizoanza kutoka mwaka 1828. Wafungwa waliandika barua kwa matajiri wakijifanya watumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Bwana huyo, barua zilidai, alificha sanduku la dhahabu na vito mahali fulani. Mtumishi anapajua mahali hapo, lakini yuko kifungoni na hana nauli. Anayesoma akituma fedha kidogo, atagawiwa hazina. Baadaye mtindo huo ukajulikana kwa Kiingereza kama mfungwa wa Uhispania, na mwishoni mwa karne ya 20 ukazaa barua za Nigeria zilizopewa jina la 419, kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachohusu udanganyifu.

Katika barua zote hizo kuna kitu kimoja: fedha inayoahidiwa si ya anayeahidiwa. Ni hazina ya bwana mwingine, ni urithi wa mtu asiyemjua, ni mafuta ya nchi nyingine. Anayeitikia anataka kitu kisicho chake, na hapo ukisema tamaa sitabishana sana. Lakini kijana aliyempigia Babu hakumwahidi hazina ya mtu. Alimwambia: tunakudaiwa wewe, na sasa tunakulipa. Anayekwenda kupokea deni lake si mwenye tamaa. Ni mdai.

Kwa mzee wa Tanzania, simu inayosema deni la zamani limepatikana si kitu cha ajabu. Historia imewahi kumpigia simu ya namna hiyo, na mara nyingine ilikuwa ya kweli.

Nianze na vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu huku mizigo yao ikibebwa vichwani na mabegani mwa Waafrika. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo midomo ya watu ililigeuza kuwa Kariakoo, na mpaka leo tunakwenda kununua nguo na simu mahali palipobeba jina la wale wapagazi. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia ndugu zao. Upande wa pili, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri mjini Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake wa Kiafrika walirudi makwao wakiwa na madai ya mishahara ambayo hayakulipwa.

Miaka 46 ikapita. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari hao waliokuwa bado hai. Mwandishi wa Marekani Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu vita hivyo, anasimulia yaliyotokea Mwanza, na kisa chake kimerudiwa sana. Ofisa wa benki alifika na fedha. Wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Ofisa akapata wazo. Alimpa kila mzee ufagio, akaanza kutoa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Bega silaha. Weka silaha. Inasimuliwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki huchekesha watu darasani. Mimi kilinichekesha pia mara ya kwanza. Baada ya Aprili kilianza kunisumbua. Mtu mgeni anafika na fedha za deni la karibu nusu karne. Mwenye deni hana budi kuthibitisha yeye ni nani. Hakuna kumbukumbu inayosema kwamba wazee wale walimwomba yule ofisa athibitishe yeye ni nani. Hata wangemwomba, wangepima kwa kipimo gani? Alikuja na fedha na aliijua lugha ya amri. Hiyo ilitosha.

Tabora yenyewe ina somo lake dogo la namna hii. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na bila fedha mpya kutoka Ulaya, Wajerumani walitengeneza hapa sarafu za dhahabu za rupia 15. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji. Tangu hapo hadithi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa hazijaisha. Watu wamechimba chini ya miembe, na matapeli wamejipatia riziki kwa kuuza ramani na rupia za bandia. Anayecheka wachimbaji hao anasahau kwamba sarafu zile zilikuwepo kweli. Uongo hauoti hewani. Huota juu ya kisiki cha jambo lililotokea.

Kisiki cha Babu ni Jumuiya.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala Juni 1967, na Jumuiya ikaanza rasmi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kenya, Uganda na Tanzania zilimiliki kwa pamoja reli, bandari, posta na simu, na ndege. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala. Babu aliajiriwa mwaka 1968, akiwa na miaka 20, karani wa mizigo katika stesheni ya Tabora, mahali reli ya kati inapogawanyika kwenda Mwanza na Kigoma. Kila mwezi kiasi fulani kilikatwa kwenye mshahara wake kwa ajili ya uzee ambao kijana wa miaka 20 hawezi hata kuufikiria.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mali ya pamoja ikabaki ilipokutwa: ndege huku, vichwa vya treni kule. Kugawana kulichukua miaka saba. Msuluhishi alikuwa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Kuhusu wafanyakazi, makubaliano yalisema kila nchi itawalipa raia wake pensheni na mafao yao.

Kuandika ilikuwa rahisi. Utekelezaji ndio uliozeesha watu. Nchini Tanzania madai ya wastaafu wa Jumuiya yalifika Mahakama Kuu, na ilikuwa mwaka 2005 ndipo serikali na wastaafu walipofikia makubaliano ya malipo. Hesabu mwenyewe: tangu 1977, miaka 28. Malipo yalipoanza, wapo waliopokea wakashukuru, na wapo walioendelea kudai kwamba wamepunjwa. Walirudi mahakamani. Walikaa barabarani Dar es Salaam, wazee wa miaka 70 na 80, wake kwa waume, mpaka polisi wakaja kuwaondoa. Wakati huohuo Jumuiya mpya ilikuwa imezaliwa, mkataba wake ukitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Wafanyakazi wa zamani kutoka Kenya walipopeleka shauri lao katika mahakama ya Jumuiya hiyo mpya mwaka 2010, waliambiwa mwishowe kwamba mkataba mpya haurudi nyuma kushughulikia mambo ya Jumuiya iliyokufa. Mtoto alirithi jina la marehemu, madeni akayaacha kaburini.

Babu alikuwa miongoni mwa waliolipwa. "Nililipwa," aliniambia, "ila ile hesabu sikuielewa mpaka leo." Hakuandamana. Aliendelea na reli ya Tanzania mpaka alipostaafu mwaka 2003, na maisha yakaendelea. Lakini mtu asiyeielewa hesabu ya malipo yake hubaki na mlango mdogo wazi moyoni. Hajui kama alipunjwa. Hajui kama hakupunjwa. Akija mtu akasema, "Mzee, kweli palikuwa na makosa," mtu huyo hatangazi jambo jipya. Anathibitisha shaka ya miaka.

Kwa hiyo mpigaji hakuhitaji kuwa na akili nyingi. Alihitaji kujua tu kwamba nchi hii ina wazee wengi waliosubiri. Wengine huitwa kwa jina la mafao, wengine kwa jina la fidia ya shamba, wengine kwa mirathi. Wasiodai chochote hupigiwa simu kwamba mjukuu ameanguka shuleni, tuma fedha ya matibabu haraka. Vijana hupokea ule ujumbe ambao umegeuka kuwa utani wa taifa, ile hela tuma kwenye namba hii, nao hucheka na kuufuta. Mzee hapokei utani. Anapigiwa simu na sauti inayomjua jinsi ya kumwamkia.

Kilichobadilika ni upesi. Zamani tapeli wa mafao alilazimika kuja mwenyewe, na mkoba wake na kalamu zake, akapita mbele ya macho ya mtaa mzima. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na kwa wazee wengi ilikuwa neema. Pensheni na fedha za watoto zilifika bila kupanda basi. Lakini njia inayoleta ndiyo inayochukua. Fedha ya Babu ilichukua dakika moja kutoka, na mtu aliyemsaidia kubonyeza alikuwa wakala mwenye heshima zake, anayemjua tangu utotoni, ambaye hakuuliza fedha inakwenda wapi kwa sababu si adabu kumuuliza mzee mambo ya fedha zake.

Nchi ilijaribu kuziba tundu. Kuanzia Mei 2019 laini zote zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na baada ya muda kuongezwa, zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Wazo lilikuwa kwamba kila namba sasa ina mwenyewe. Nakumbuka foleni zile. Nakumbuka pia wazee waliokuwa wakiambiwa, "Mzee, kidole hakijasoma, rudia." Vidole vya wakulima na mafundi vimesagika, ni kweli havisomeki vizuri. Lakini mamlaka ya mawasiliano yenyewe imelazimika kuwaonya wananchi kwamba wapo wasajili wasio waaminifu wanaotumia kule kurudiarudia kusajili laini ya pili na ya tatu kwa jina la mtu yuleyule. Ndiyo maana tunaambiwa tubonyeze *106# kuona ni namba ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyetu. Huenda namba iliyomtapeli Babu imesajiliwa kwa jina la mzee mwingine, Sumbawanga au Lindi, ambaye hajui lolote. Kwenye karatasi, mzee amemwibia mzee.

Narudi kwenye shikamoo.

Tunafundishwa kwamba neno hilo maana yake ni nashika miguu yako. Mdogo hujishusha, na mkubwa hujibu marahaba. Hatufikirii sana kinachotokea baada ya marahaba, lakini kipo. Aliyeitikia amekubali kuwa mzazi wa aliyemwamkia, walau kwa mazungumzo hayo. Mzazi hakati simu mtoto akiwa katikati ya maneno. Hamwambii mtoto, "Nithibitishie wewe ni nani." Humsikiliza, humpa baraka, na akiombwa msaada hujiuliza kwanza anao kiasi gani, hajiulizi kama mtoto ni mwongo. Babu alipigiwa simu na mtoto. Mtoto alisema yuko ofisini, anamsaidia kwa siri, asimwambie mtu, hata watoto wake, mpaka fedha iingie, maana wapo wakubwa wanaotaka kulifunga lile faili. Kwa hiyo kutuma ada kulikuwa pia ni kumlinda kijana aliyejitolea. Sijui kama mpigaji alilipanga hilo au alilipata kwa mazoea. Najua adabu yetu ilimfanyia nusu ya kazi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo familia haikulijua.

Desemba 2022, miezi minne kabla ya simu, nilikuwa Tabora nikikusanya masimulizi ya tasnifu. Nilianza na Babu kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu niliogopa kuanza na wageni. Nilimrekodi kwa saa tatu katika siku mbili. Baada ya tukio nilirudi kusikiliza rekodi ile, nikitafuta kitu cha kuandika kuhusu utapeli. Nikasikia sauti yangu.

Nilianza na shikamoo. Nikamuuliza hali, nikamuuliza kuhusu Bibi, ingawa Bibi alikuwa jikoni na mimi ndiye niliyetoka kumwona. Ni namna tunayofundishwa: mpe mtu utulivu kwanza. Kisha nikamuuliza aliajiriwa mwaka gani. Cheo gani. Namba yake ya kazi anaikumbuka? Akaitaja papo hapo, bila kusita, kama wazee wale na ufagio. Nikamuuliza alilipwa kiasi gani na kama aliridhika. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa kunyamaza ili msimuliaji ajaze ukimya mwenyewe, naye akajaza. Akaenda chumbani akaleta bahasha ya kaki: barua ya ajira, stakabadhi, kitambulisho cha reli chenye picha ya kijana mwembamba. Nikapiga picha zote. Na dakika chache kabla ya mwisho, sauti yangu inasema, "Babu, hizi karatasi zina thamani kubwa sana. Kuna watu wanatakiwa waone hizi."

Nilimaanisha wanahistoria. Nilimaanisha msimamizi wangu na watu wengine wachache watakaosoma sura ya tatu. Babu alisikia neno thamani kama mtu yeyote anavyolisikia.

Nilimuuliza mwezi Juni, tukiwa wawili tu barazani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Yule kijana aliponiambia faili limeonekana, nilijua ni wewe. Nilidhani ile kazi yako imezaa. Nikasema nisikusumbue, nitakuambia zikishaingia."

Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nimefikiria sana tofauti kati yangu na yule kijana. Ipo, sitaki kujifanya haipo. Mimi sikuchukua fedha na sikudanganya. Lakini sote wawili tulikwenda kwa mzee na lugha ya heshima, tukauliza maswali yaleyale, tukamfanya ahisi kwamba mahali fulani mbali kuna ofisi inayomjali, na tukaondoka na kitu chake. Yeye aliondoka na shilingi 380,000. Mimi niliondoka na saa tatu za sauti na picha 31, na kwa hizo nitapewa shahada. Kabla ya kuanza kurekodi nilikuwa na fomu ya ridhaa kwenye begi. Kwa watu wengine wote niliisoma. Kwa Babu niliona aibu, nikamwambia tu, "Babu, ni mambo ya shule, weka saini hapa." Akaweka. Sentensi hiyo, kama ningeipata katika maelezo ya mashitaka ya mtu mwingine, ningejua jina lake.

Fedha haikurudi. Tulituma namba ile kwenda 15040 kama inavyoelekezwa, tuna RB iliyokunjwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na stakabadhi za mwaka 1968, na hapo suala limeishia. Hasara nyingine ni ndogo na inaendelea. Babu hapokei tena namba asizozijua. Wastaafu huitwa kwenye uhakiki ili kuthibitisha kwamba bado wako hai, na akikosa taarifa ya kweli kwa kuogopa ya uongo, pensheni yake inaweza kusimama. Kwa hiyo ofisi ikipiga kweli, haipati jibu, na tapeli akipiga, hapati jibu pia. Mzee hana njia ya kuwatenganisha kwa sikio, kwa sababu kwa miaka mingi wote wamezungumza naye kwa sauti moja: leta nakala, leta ada, rudi wiki ijayo, faili halionekani. Mtu aliyewahi kutendewa kwa uwazi, akapewa hesabu yake kwa lugha anayoielewa, ni vigumu kumuuzia hesabu ya uongo. Hilo ndilo ningependa tulijibu kabla ya kuwatumia wazee maonyo ya kuwa makini.

Mwezi Septemba nilimkuta ametunga dawa yake mwenyewe. Alisema mtu yeyote atakayepiga akidai anatoka reli au mafao ya reli, atamuuliza swali moja kabla ya jambo lolote: treni ya Mpanda inaiacha njia ya Kigoma stesheni gani?

"Asipojua?"

"Nakata."

"Na akiwa afisa wa kweli, Babu, kijana wa siku hizi tu, hajawahi kupanda treni?"

Akafikiri. "Basi aende akaulize, halafu anipigie." Akanitazama. "Wewe unajua?"

"Kaliua," nikasema.

Hakunisifu. Alisogeza kiti akaniuliza nimekuja na nini safari hii. Nikatoa fomu ya ridhaa, ile niliyoona aibu kuisoma, nakala mpya. Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, pamoja na pale panaposema kwamba mshiriki hatalipwa chochote na kwamba anaweza kukataa au kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Pale aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza namba ya msimamizi wangu, nikampa, akaipiga hapohapo, wakazungumza dakika kama tano, akamuuliza kama ananijua na kama ni kweli hakuna malipo.

Kisha akavaa miwani, akaweka saini polepole. Pembeni ya saini, mahali ambapo fomu haikuomba kitu, akaandika namba yake ya kazi.